Tunanunua Kinga au Tunanunua Hofu?

Tangu nilipostaafu ualimu, na majirani wakajua kwamba ninaweza kuifungua kompyuta na kuifunga tena bila kubakiza skurubu mezani, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili: "Mwalimu, ninunue antivairasi gani?" Muulizaji aghalabu huwa amekwisha kuandaa pesa. Anachotaka kwangu ni jina tu, kama mgonjwa anayetaka kuandikiwa dawa haraka ili awahi duka kabla halijafungwa. Nami jibu langu ni moja, na ndilo nitakalolitetea katika kurasa hizi chache: kwa kompyuta ya nyumbani yenye Windows halali inayopata masasisho yake, usinunue yoyote. Pesa hiyo nunulia diski ya kuwekea nakala za kazi zako, na itakayobaki nunulia bando.

Najua jibu hili linaudhi. Linamuudhi mwenye duka, kwa sababu boksi zile za rangi nyekundu na njano ndizo anazozipanga mbele karibu na mashine ya kuhesabia pesa. Linamuudhi fundi, kwa sababu kuweka antivairasi ni kazi ya dakika kumi inayolipwa kama kazi ya nusu siku. Na linamuudhi hata muulizaji mwenyewe, maana alikuja kutafuta dawa akaambiwa anawe mikono.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba virusi vya kompyuta ni hadithi za paukwa pakawa. Vipo, na vina waandishi wake wanaojulikana. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika kirusi kilichoitwa Brain, ambacho kilisambaa duniani kwa njia ya diski laini. Waliweka ndani yake majina yao na anwani ya duka lao. Walieleza baadaye kwamba walitaka kuwabana watu waliokuwa wakinakili programu yao bila kulipa. Mwezi Mei mwaka 2000 barua iliyojidai kuwa ya mapenzi ilitoka Ufilipino na kuzunguka dunia nzima kwa siku chache, kwa kuwa kila aliyeifungua aliisambaza kwa marafiki zake wote bila kujua. Kwa hiyo adui yupo. Ugomvi wangu ni juu ya wale wanaotuuzia ngao, na juu yetu sisi tunaonunua ngao na kulala mlango ukiwa wazi.

Biashara hii ya hofu ina historia yake. Mwanzoni mwa mwaka 1992 dunia ilitangaziwa kwamba tarehe 6 Machi, siku aliyozaliwa msanii Michelangelo wa Italia, kirusi kilichopewa jina lake kingeamka na kuharibu diski za watu. John McAfee, ambaye wakati ule alikuwa muuzaji mkubwa wa programu za kinga, alinukuliwa akisema kwamba kompyuta zitakazodhurika zingeweza kufika milioni 5. Magazeti na televisheni za Marekani zililivalia njuga jambo hilo, na watu wakakimbilia madukani. Siku ikafika, ikapita. Kompyuta zilizodhurika zilihesabiwa kwa maelfu, wala si kwa mamilioni. Kirusi kilikuwa cha kweli. Hesabu ndiyo iliyokuwa ya dukani. Tangu siku ile wafanyabiashara walijifunza somo ambalo hawajalisahau, kwamba mtu aliyeogopa haulizi bei.

Hata hivyo, haki ya mtu mpe, hata kama humpendi. Zamani zile kununua kinga kulikuwa na maana. Kompyuta ilikuja mikononi mwako uchi kabisa, bila mlinzi wa aina yoyote. Aliyekuwa na Windows ya mwaka 1995 au ya 1998 hakuwa na budi kutafuta askari wa kumkodi. Lakini mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 2009 Microsoft ilianza kutoa kinga yake ya bure kwa anayeitaka, na mwaka 2012, ilipotoka Windows 8, kinga hiyo ikawekwa ndani ya mfumo wenyewe kwa jina la Defender. Tangu hapo kila anayenunua kompyuta yenye Windows halali hununua na mlinzi pamoja nayo, hata kama hajui.

Hapa ndipo mafundi wetu hunijia juu. "Mwalimu, hiyo ya bure ni dhaifu!" Nawajibu kwamba walisema kweli, ila walisema kweli zamani. Ipo maabara moja katika mji wa Magdeburg, Ujerumani, iitwayo AV-TEST, ambayo kazi yake ni kuzipima programu hizi. Hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa urahisi wa matumizi. Mwishoni mwa mwaka 2012 maabara hiyo iliinyima cheti kinga ya bure ya Microsoft ya wakati ule, na fundi aliyeidharau siku hizo alikuwa na ushahidi. Lakini mwaka 2019 maabara ileile iliipa Defender alama zote 18, na baada ya hapo imezipata tena mara kadhaa, ikawa sawa na zile zinazouzwa kwa pesa nyingi. Ukweli nao huzeeka. Fundi anayekutisha leo kwa habari za mwaka 2012 ni kama mganga anayekutibu ndui.

Wengine hudai kwamba kitu cha bure hakina thamani. Hoja hii ni nyepesi mno. Kwanza kinga hii si ya bure. Bei yake imo ndani ya bei ya Windows uliyolipia pamoja na kompyuta. Pili, anayeleta mlinzi mwingine hapati walinzi wawili. Ukiweka antivairasi ya kampuni nyingine, Defender hujiweka kando na kumwachia lindo mgeni. Kwa hiyo lile ninalolisikia kila siku, kwamba "nimeongeza ulinzi," si sahihi. Hujaongeza, umebadilisha zamu. Sasa jiulize uliyemweka zamuni ni nani.

Hebu tuwatazame walinzi hawa wa kukodi kwa majina, maana mtu huchagua kwa kulinganisha. Mwaka 2016 Avast iliinunua AVG. Mwaka 2021 kampuni yenye Norton iliinunua Avira, na mwezi Septemba mwaka 2022 ikaungana na Avast yenyewe. Kabla mwaka huo haujaisha ikajipa jina jipya la Gen Digital. Basi mtu anayekesha akilinganisha Norton, Avast, AVG na Avira, akisoma sifa za hii na kasoro za ile, anachagua kati ya mifuko minne ya koti moja. Ni haki ya wafanyabiashara kununuana, lakini mnunuzi naye ana haki ya kujua kwamba mashindano anayoyaona rafuni mengine ni ya lebo tu.

Tena, mlinzi huyu tunampa ruhusa ambayo hatumpi hata ndugu. Anaona kila faili tunalolifungua na kila ukurasa tunaoutembelea. Je, anayaweka siri? Mwezi Januari mwaka 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba Avast ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za kurasa walizotembelea wateja wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Kampuni hiyo tanzu ilifungwa mwezi huohuo. Mwezi Februari mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya Avast: ilipe dola milioni 16.5, na ikatazwe kuuza habari hizo kwa ajili ya matangazo. Fikiria, msomaji wangu. Watu waliweka programu ile ili wasichunguliwe na wageni, kumbe mchunguzi ndiye waliyemkaribisha sebuleni. Norton nayo mwaka 2021 iliingiza katika bidhaa yake mtambo wa kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta na umeme wa mteja, na kampuni ikijichukulia asilimia 15 ya mapato. Ni kweli kwamba mteja alipaswa kukubali kwanza. Lakini nauliza: tangu lini mlinzi wa usiku akaomba kutumia jiko lako kukaangia maandazi ya biashara yake?

Yapo na makosa ya kazi yenyewe. Tarehe 21 Aprili mwaka 2010 McAfee ilituma sasisho lililoiona sehemu halali na muhimu ya Windows XP kuwa ni kirusi, likaiondoa, na kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Mwaka 2016 mtafiti wa Google alionyesha kwamba bidhaa za Symantec, pamoja na Norton, zilikuwa na matundu mabaya kiasi kwamba adui angeweza kuiteka kompyuta kwa kuitumia barua tu, hata kabla mwenyewe hajaifungua, kwa sababu mlinzi mwenyewe ndiye aliyeifungua ili aikague. Na tarehe 19 Julai mwaka 2024 sasisho baya la kampuni ya CrowdStrike, ambayo huhudumia makampuni na mashirika, liliangusha kompyuta zilizokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5, ndege zikashindwa kuruka na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Defender nayo imepata kuonekana na matundu yake, na yakazibwa. Sisemi kwamba imetakasika. Nasema kwamba kila programu unayoipa funguo za nyumba yote ni mlango mmoja zaidi wa kuulinda. Asiyehitaji mlango wa tano ana sababu gani ya kuutoboa?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe linaloangusha kompyuta za watu. Tarehe 12 Mei mwaka 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikidai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Kiliingilia wapi? Kiliingilia kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka tarehe 14 Machi mwaka huohuo, yaani karibu miezi miwili kabla. Waliokuwa wamekishona kiraka walilala usingizi. Waliokiahirisha walilia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi kila siku tunaahirisha kuziba ufa, kisha tunakwenda kununua ukuta dukani.

Na kwa nini tunaahirisha? Hapa naomba wataalamu wanaoandika kutoka nchi zenye mtandao wa bei rahisi watusikilize. Sisi tunaahirisha kwa sababu ya bando. Mtu anaunganisha kompyuta kwenye simu, anaona megabaiti zake zinayeyuka, anaambiwa kwamba Windows inajisasisha, anakasirika, anamwita fundi ayazime masasisho. Fundi anayazima, analipwa, na kwa kuwa ana huruma anamwuzia mteja antivairasi ili awe salama. Nimeziona kompyuta za namna hii nyingi: boksi la mlinzi limelipiwa, na masasisho yamezimwa kwa mwaka mzima au zaidi. Ni sawa na mtu aliyeondoa bawaba za mlango ili asinunue mafuta ya kuzipaka, kisha akaajiri askari asimame pale penye pengo. Pesa ya boksi ingetosha bando la masasisho la miezi mingi.

Jambo la pili linalotuangusha ni programu za wizi. Tuseme wazi, maana tunalionea haya. Windows ya wizi, programu ya kuchapia ya wizi, programu ya kuhariri picha ya wizi, na juu ya yote hayo antivairasi ya wizi. Hili la mwisho ndilo linalonishangaza kuliko yote: mtu anamwajiri mwizi kuwa askari, na anamwomba amlinde dhidi ya wezi. Krak hizo tunazozipakua zina maelekezo yake, na sharti la kwanza katika maelekezo karibu yote ni lilelile: kabla ya kuanza, zima antivairasi yako. Nasi tunatii! Basi hata ungekuwa na mlinzi bora kuliko wote duniani, amri ya kumpeleka likizo umeitoa wewe, na mgeni akaingia kwa mlango wa mbele.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, mwanachuo wa ualimu, aliniletea kompyuta yake ikiwa imebakiza wiki tatu awasilishe utafiti wake. Alikuwa na antivairasi ya kulipia, aliyouziwa na duka moja la mjini ambalo sitalitaja, na bado ilikuwa na miezi saba ya uhai. Wiki ile alikuwa ametafuta krak ya programu ya kuchora grafu, akazima kinga kama alivyoelekezwa, akaiendesha. Asubuhi yake kila faili, sura zote za utafiti, picha za marehemu baba yake, vyeti alivyovipiga skani, vyote vilikuwa vimebadilika majina na havifunguki. Palikuwa na waraka wa Kiingereza unaodai dola 980, au dola 490 akiwahi ndani ya saa 72. Alinitazama akitumaini kwamba ninajua njia. Kirusi cha ukoo ule, waitacho STOP au Djvu, kilikuwa kimewaumiza watu wa nyumbani wengi duniani kwa njia hiyohiyo ya krak. Mwezi Oktoba mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure programu ya kufungua mafaili yaliyofungwa na matoleo mengi ya zamani ya kirusi hicho. Lake lilikuwa toleo jipya. Tuliokoa sura mbili alizokuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe. Nyingine aliziandika upya, usiku kwa usiku. Picha za baba yake hazikurudi. Bei ya ile antivairasi ingenunua flashi mbili za kutosha kubeba vyote alivyovipoteza.

La tatu ni flashi zenyewe. Nani asiyejua njia ya flashi katika miji yetu? Inatoka nyumbani, inaingia steshenari kuchapisha barua, inapita kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi hamsini tangu asubuhi, inarudi nyumbani na folda zake zimegeuka kuwa vijialama vya njia ya mkato. Hapo Defender iliyosasishwa huvikamata vingi vya virusi hivyo, maana ni vikongwe na picha zao zimo katika daftari la kila mlinzi. Lakini liko jambo rahisi zaidi: itume kazi yako steshenari kwa barua pepe, au uwe na flashi moja ya safari isiyobeba kitu kingine chochote, wala usiifungue kwenye kompyuta yako kabla hujaikagua.

Na la nne halina kinga ya kununuliwa hata kidogo, nalo ni ulaghai. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe usemao ile pesa itume kwenye namba hii? Ujumbe ule hauna kirusi ndani yake. Hakuna programu iliyoharibika, hakuna tundu lililotobolewa. Kilichotobolewa ni imani ya mtu mwenye haraka, ambaye kweli alikuwa anadaiwa pesa na mtu fulani siku ile. Barua pepe inayojidai kuwa ya benki hufanya kazi hiyohiyo. Dirisha linaloruka kwenye skrini na kukuambia kwamba kompyuta yako ina virusi vingi, bonyeza hapa, nalo ni la ukoo huo, na mara nyingi kinachouzwa pale ni antivairasi ya uongo. Aliyezoeshwa kwamba usalama hununuliwa kwa kubonyeza ndiye anayebonyeza upesi kuliko wote. Hilo ndilo dhara kubwa la biashara hii: inatufundisha kuogopa bila kutufundisha kutazama.

Basi tufanye nini? Sina orodha ndefu. Acha masasisho yafanye kazi yake, na ukibanwa na bando, chagua siku moja katika wiki uyapitishe yote. Hakikisha Defender imewashwa, kisha iache. Tumia programu halali. Na kama huna pesa, zipo za bure zilizo halali, kama LibreOffice kwa kuchapa na GIMP kwa picha, ambazo hazidai krak. Fungua akaunti mbili kwenye kompyuta, moja ya msimamizi yenye neno la siri unalolijua wewe, na nyingine ya kawaida kwa kazi za kila siku na kwa watoto. Na lililo kubwa kuliko yote: weka nakala za kazi zako kwenye diski ya nje mara moja kwa wiki, kisha ichomoe diski hiyo uiweke kabatini. Narudia, ichomoe. Kirusi cha fidia hufunga kila kinachokifikia, na diski iliyobaki imechomekwa ni chumba cha pili cha nyumba ileile inayoungua. Mwenye nakala kabatini anaweza kumcheka anayedai dola 980. Asiye nayo hana cha kumjibu, hata awe na antivairasi tatu.

Kuna kundi moja ambalo halipaswi kufarijika upesi, nalo ni la wenye kompyuta za mtumba. Tarehe 14 Oktoba mwaka 2025 Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, ikaacha nyongeza ya mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba mwaka 2026, kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo hudai vifaa ambavyo mashine nyingi zilizoletwa kwetu kutoka Ulaya na Dubai hazina. Najua watakachoambiwa madukani: "Usijali, weka antivairasi hii, itaziba." Haizibi. Mlinzi wa kukodi hawezi kushona kiraka kwenye mfumo usio wake. Anaweza tu kusimama karibu na tundu. Kwa mashine kama hizo ni heri kuweka mfumo wa Linux, kama Mint au Ubuntu, ambao ni bure, ni halali, na husasishwa. Watu wanaogopa kuwa ni mgumu. Nimewafundisha wazee wenzangu kuutumia kwa kuandika barua na kusoma magazeti, nao hawakulalamika kuliko walivyolalamikia Windows.

Je, hakuna kabisa anayestahili kununua? Yupo. Ofisi yenye kompyuta ishirini na mhasibu mmoja inahitaji chombo cha kuzisimamia zote mahali pamoja. Mzazi anaweza kupenda bidhaa fulani kwa sababu ya vidhibiti vyake vya watoto. Hao wanunue, lakini wasinunue kabla ya kuuliza maswali matatu. Mwenye kampuni hii ni nani hasa, na je, imewahi kuuza habari za wateja wake? Bei ya mwaka wa pili ni kiasi gani, maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo? Na maabara huru, kama ile ya Magdeburg au AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, zimeipa alama gani katika vipimo vya karibuni? Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja hauzi kinga. Anauza boksi.

Wapo watakaosema kwamba mzee huyu anawanyima vijana riziki. Sivyo. Fundi anayemwekea mteja utaratibu wa nakala, anayemrudishia masasisho yaliyozimwa, anayemwondolea programu za wizi na kumwonyesha zilizo halali, huyo amefanya kazi ya kulipwa, na mimi mwenyewe namwambia mteja amlipe vizuri. Ninachokipinga ni ile kazi ya dakika kumi inayomwacha mteja na boksi, risiti na imani kwamba ameshamaliza. Imani hiyo ndiyo inayomfanya abonyeze bila kutazama, apakue bila kuuliza, na asiweke nakala hata siku moja.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujaenda kuuliza jina la antivairasi, fungua kompyuta yako jioni hii utazame mambo matatu. Masasisho ya mwisho yaliingia lini? Kuna programu ngapi ndani yake ulizozipata kwa krak? Na kama mashine hii ingeibiwa usiku huu, ni kitu gani kilichomo ambacho huna nakala yake mahali pengine? Liandike jibu la swali la tatu kwenye karatasi. Hicho ulichokiandika ndicho unachotaka kukilinda, na njia ya kukilinda ni kukinakili sasa hivi, kabla hujafunga kompyuta.